Tusekile Aliponiuliza Kama Namwamini

Tunduma, Jumatano

Hasira bado hazijanitoka. Nilipofika asubuhi, mama mkwe alikuwa ameshamwogesha Tusekile na kuziloweka nguo zake kwenye beseni. "Nilitaka kumtoa uchafu," akasema huku analia. Nikashindwa hata kumgombeza.

Tusekile ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Jana jioni alibakwa na mteja wake wa mchele, mtu tunayemjua wote. Baba mkwe anataka wazee wayamalize nyumbani. Wayamalize vipi?

Nikasema twende hospitali, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazingoji kikao. Zikipita siku tatu, hazianzishwi tena. Nguo nikazibeba hivyo hivyo, zimelowa, ziwe ushahidi.

Tulipitia polisi kuchukua PF3, fomu yao ya kupelekea hospitali. Askari wa mapokezi akamuuliza mbele ya watu, "Ulikuwa umevaaje?" Nikamwambia atutafutie askari wa kike na chumba chenye mlango. Tukasubiri saa mbili nzima, na mimi nawaza dawa tu…

Afadhali nesi. Aliongea naye taratibu, akamwomba ruhusa kila mara kabla ya kumgusa, akampa dawa, pamoja na za kuzuia mimba. Akasema kuoga hakujafuta kesi.

Njiani kurudi, Tusekile akaniuliza, "Wifi, wewe unaniamini?"

"Nakuamini. Na kosa si lako."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kutwa nzima nimegombana na watu kwa ajili yake, na sikuwa nimekumbuka kumwambia hilo.