Jinsi Ukumbi wa Winfred Ulivyojaa

Weston, Toronto
Jumatatu, 9 Machi

Kwako Jepchirchir, dada yangu wa sokoni,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na nyumba yako yote, na wale ng'ombe unaowajua majina kuliko wajukuu. Goti linasemaje? Nauliza lile la kushoto, si lile linaloanza kuuma wakiita watu wa kufagia kanisa. Mimi ni mzima. Presha iko, lakini tumezoeana. Murithi mkwe wangu, mume wa Winfred, anakusalimu. Bado anakula kama mtu aliyeambiwa sufuria inahama kesho.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa zile herufi za ngumbaru nilizopewa kanisani wakati meno yalikuwa yameanza kuaga, kwa hivyo ukiona mstari umepanda juu kama mbuzi, ufuate tu. Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe huniachi nimalize, na hili nisipolimaliza nitakufa nalo. Kibet wako atakusomea. Kibet mwanangu, soma yote, hata pale utakapotamani kuruka.

Nilikuambia Winfred ameacha kazi ya hoteli na kufungua yake, kazi ya kupangia watu mikutano. Najua unacheka. Nami nilicheka. Nikamwambia kwetu mkutano unajipanga wenyewe: mwenyekiti anachelewa, mama mmoja anakumbuka chai, wazee wanagombana, maombi, kwisha. Akaniambia, Mama, huku watu wanaanza mwaka mzima kabla. Basi nimekaa naye mwaka huo mzima, dada, nimeona mambo.

Karatasi haitakiwi kwa sababu ya miti. Chupa za maji hazitakiwi kwa sababu ya samaki. Ratiba imefichwa ndani ya kimraba chenye madoadoa kama kitambaa kilicholiwa na panya, unakielekezea simu ndipo kinakuambia unakwenda wapi. Kuna mashine inayokuchagulia rafiki: unajibu maswali, nayo inasema leo zungumza na fulani. Nikamuuliza Winfred, hao watu hawana midomo? Chakula ndiyo usiseme. Kumi na saba hawali ngano, tisa hawali kitu chochote kilichowahi kuwa na mama, na mmoja, dada, hali vitunguu. Mimi niliyewasomesha watoto wanne kwa vitunguu nikaambiwa niliandike hilo jina kwa wino mwekundu.

Lakini jambo linalomkosesha Winfred usingizi ni moja tu: watu hawaji. Wanajiandikisha, halafu siku ikifika wanabaki kitandani na kutazama kwenye skrini. Hata kutazama hawatazami. Wanafungua, wanazima picha, ukumbini kunaonekana vidirisha vyeusi vyenye majina tu, na mwenye jina yuko jikoni anakaanga samaki.

Basi kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa mkutano wa chama cha wauguzi wa huku waliotoka Afrika Mashariki. Mwenyekiti wao ni Bi Shafina, Mhindi wa kwetu kabisa, Ismailia aliyezaliwa Kisumu akaletwa huku akiwa msichana. Kiswahili chake kimebaki kama alivyokibeba, safi, kama nguo ya sandukuni. Alimwambia Winfred waziwazi kwamba mwaka jana waliandikishwa mia moja na sitini wakaja arobaini na mmoja. Mwaka huu ukumbi ukijaa, atampa mikutano ya miaka mitatu. Ukibaki mtupu, watahamia kwenye skrini moja kwa moja, na mpangaji hawatamhitaji tena. Winfred aliacha mshahara kwa ajili ya kazi hii, Jepchirchir. Hakuwa na pa kurudi.

Wiki tatu kabla, waliojiandikisha walikuwa mia mbili, lakini walipoulizwa kama kweli watakuja, hata robo hawakujibu. Winfred akanipa simu na orodha. Akasema, Mama, hawa ni watu wetu, barua za kompyuta hawasomi, lakini sauti ya mama mzee hawataikatia simu. Nikavaa miwani nikaanza.

Siku ya kwanza nilisema ukweli mtupu. Kuna mkutano mzuri, mwanangu, njoo. Wote walikuwa na adabu. Nitajaribu, mama. Mungu akipenda, mama. Nikiachiliwa zamu, mama. Winfred alikuwa anapita nyuma yangu anaandika: atakuja, atakuja, atakuja. Nikamwambia wewe umezaliwa Nakuru au umeokotwa uwanja wa ndege? Mkenya akikuambia atajaribu, mtoe kwenye hesabu ya chapati! Akakaa chini. Hakulia, na ndilo lililonitisha, maana huyo mtoto hulia hata akikatakata nyanya.

Siku ya pili nilimngoja atoke. Nikampigia wa kwanza, mtu wa Kitale anaitwa Festus, na nikasikia mdomo wangu ukisema: Mwanangu, mimi ni mama yake Winfred, narudi nyumbani, na siku ya mkutano nitakuwa pale mlangoni, njoo nikuone kabla sijaondoka.

Dada, sauti ya yule kijana ilibadilika. Akaniuliza, unarudi kabisa, mama? Nikajibu, umri huu nani anajua. Akasema atakuja hata kama atatoka zamu hajafunga macho. Nikapiga kwa wa pili. Nikapiga kwa wote. Wewe unatujua. Mtu wetu anaweza kukosa mkutano, anaweza kukosa hata harusi ya bosi wake, lakini hawezi kukosa kumuaga mama mzee anayesafiri. Atalalaje?

Tiketi sikuwa nayo. Hata wazo la tiketi sikuwa nalo.

Jumamosi iliyopita tukapanda treni mapema kwenda mjini. Nikawekwa kwenye meza ya mlangoni, kazi yangu kugawa beji. Saa mbili na nusu mlango ukafunguka, akaingia Festus na mfuko mkubwa mabegani. Akasema, hivi ni viatu vya baba, mama, na sweta mbili, na dawa za kupaka za goti. Nyuma yake mabinti watatu, kila mmoja na kifurushi kimefungwa tepu na jina limeandikwa: Kwa Mama, Bomet. Kwa Shosho, Nyeri. Kwa Bibi, Moshi, kuna mtu atakuja kuchukua Nairobi. Nilikuwa nimesahau, Jepchirchir! Katika kuwaza jinsi ya kuwaleta nilisahau kwamba huku hasafiri mtu mikono mitupu. Ukitamka tu kwamba unakwenda, wewe si mtu tena, ni posta.

Nikavipokea. Ningefanyaje? Nikasema weka pale. Pale penyewe palikuwa chumba Winfred alichokiita cha utulivu, kina mito na mwanga mdogo, kwa watu waliochoka kuona watu. Kufika saa nne kilikuwa stoo. Mwalimu wa kutuliza nafsi, mama wa Kizungu aliyealikwa kuwafundisha wauguzi kupumua, tulimkuta amekaa katikati ya blanketi na chupa za vitamini, na nafsi yake haikuwa imetulia.

Lakini ukumbi ulijaa, dada! Mia mbili tulitarajia, wakaja mia mbili na kumi na wawili. Wengine walileta waume. Ile mashine ya kuchagua rafiki hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa wanaulizana, wewe ni wa wapi, mamako yu hai, na mzigo wako una kilo ngapi. Winfred alikuwa anapita anang'aa kama sufuria mpya, ananibusu kila akipita, ananiambia, Mama, sauti yako ina dawa. Kila busu lilikuwa linanichoma.

Halafu, katikati ya hotuba ya bwana mmoja mwenye suti aliyekuwa anaeleza jinsi ya kufanya watu wapende kushiriki mikutano, Festus akasimama. Akamwomba radhi, akasema kwetu mama haagwi kwa kupungiwa mkono mlangoni. Nikawekewa kiti mbele. Wakaimba. Mia mbili na kumi na wawili, karibu wote wauguzi, na sauti zile za kuamrisha wagonjwa. Vile vidirisha vyeusi vya skrini vikaanza kufunguka kimoja kimoja, sura zikatokea, mwingine na kofia ya kulalia, mwingine na kijiko mdomoni, wote wananipungia. Bwana wa suti akakunja makaratasi yake akaanza kupiga makofi. Nami nimekaa kama bibi harusi aliyeiba mahari. Upande wa pili nikamwona Winfred amesimama mdomo wazi, kwa maana ndipo alipojua kwamba mama yake anasafiri.

Mkutano ulipokwisha Bi Shafina alitufuata kwenye kile chumba cha mizigo, akafunga mlango. Akaniuliza kwa upole, Mama, tiketi ni ya lini? Nilifungua mdomo kumjibu lolote. Akaniinulia kidole akasema yeye ameuguza wazee miaka thelathini, uongo wa mzee anautambua hata ukivaa kofia. Basi nikasema. Hakuna tiketi. Niliwadanganya ili mwanangu asiaibike, na Winfred hakujua lolote, kama kuna adhabu iwe yangu.

Bi Shafina hakucheka wala hakupiga kelele. Aliokota kifurushi kimoja, akasoma jina, akakirudisha taratibu kama mtoto mchanga. Akamwambia Winfred kwamba ukumbi umejaa kweli, na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi. Lakini watu hawa wametukabidhi mama zao. Mwaka ujao watauliza kama viatu vilifika. Vikionekana vimelala chini ya kitanda Weston, hakuna atakayekanyaga mkutano wetu tena, na watakuwa na haki. Kwa hivyo mkataba atautia saini siku mizigo yote thelathini na minane itakapokuwa imefika kwa wenyewe. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa miwani ya kusomea ndani ya kasha, akasema ni ya binti wa yaya aliyemlea, yuko Kisumu. Ikawa thelathini na tisa.

Winfred aliposikia hivyo, badala ya kunigombeza, alikaa juu ya blanketi za watu akacheka mpaka akalia. Akamwambia Bi Shafina: Unajua mimi mama huyu nimemkatia tiketi mara mbili?

Hapa ndipo pagumu. Kibet, msomee mama yako polepole.

Jepchirchir, mwaka juzi mzee wako alipolala, nilikuambia kwenye simu kwamba siwezi kuja kwa sababu Winfred ana kazi nyingi na hakupata kunitafutia tiketi. Ukasema watoto wa siku hizi. Mimi nikakuacha useme. Ilikuwa uongo. Winfred alinikatia tiketi jioni ile ile ya habari. Alinifungia sanduku, akaniwekea leso nyeusi juu, akanipeleka uwanjani mpaka pale mtu anapovua viatu. Miguu yangu ikakataa. Nilikaa kwenye benchi nikamwambia anirudishe nyumbani, na sanduku likaenda likarudi peke yake. Tiketi ya pili aliyonikatia baadaye sikutoka nayo hata mlangoni.

Naogopa ndege, dada. Miaka tisa iliyopita nilipokuja ilitikisika juu ya maji kama chungio, na binti aliyekaa kando yangu alikuwa anatazama sinema anacheka, na mimi nikamwambia Mungu nikifika salama sitamsumbua tena kwa jambo hili. Mimi niliyempiga mwizi wa vitunguu kwa jiwe la mizani mbele ya macho yako! Niliona aibu kukuambia. Nikaona bora umnunie mtoto kuliko ujue mimi ni mwoga. Na kweli umemnunia: miaka miwili hujaniuliza hali yake, na yeye anadhani hukumpenda tangu zamani. Mzee wako alinibebea magunia alfajiri ngapi, bila kuombwa? Nilipaswa kuwa pale nikimwaga udongo kwa mkono wangu. Sikuwa, na kosa ni langu peke yangu.

Basi uongo wangu wa pili umenifungia mlango wa kukimbilia. Tunaondoka Alhamisi tarehe 26, na Ijumaa jioni tutakuwa Nairobi. Winfred anakuja nami, kiti chake kiko kando ya changu, na amekubali nimfinye mkono kadiri nitakavyo. Daktari amenipa kidonge. Murithi anasema nikilala nitakoroma mpaka rubani asikie. Namjibu afadhali rubani naye akae macho.

Njoo na pikapu ya Kibet, mizigo ni mingi. Ukiona tumetokea, msalimie Winfred kwanza, umshike vizuri kama ulivyokuwa unamshika akiwa mdogo chini ya meza zetu. Halafu nigeukie mimi. Tusi lolote ulilonalo, hata la Kikalenjin ambalo hujawahi kunitafsiria, nitukane pale pale mbele ya watu, nitasimama nikusikilize mpaka umalize. Kisha unipeleke kaburini kwa mzee, nimwage na mimi udongo wangu.

Wasalimie wote wa nyumbani, wasalimie wa sokoni, hata yule wa viazi ambaye hatumpendi. Kibet, asante kwa kutoruka.

Ni mimi dada yako, mwoga lakini nakuja,

Bosibori