Chatu Wangu Anakataa Kula, na Blanketi Nimemfunika

Anti Veneranda wa redioni, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi utanirudishia mwenyewe. Mimi mama Ambokile wa Mbalizi, naomba unisaidie maana mwenzio nina chatu, ndiyo, chatu, na kibali cha maliasili ninacho nisije nikasemwa, kaniachia marehemu mume wangu aliyekuwa anamfuga Igawa kule kwenye joto, na hapa Mbalizi nzima hakuna mwanamke mwingine mwenye nyoka ndani, hata mchungaji kaja na wageni wake wa Iringa nikamtoa wakapiga naye picha, nikasikia raha kama nimeozesha binti. Sasa tangu baridi imeingia hataki kula, ukimwekea kuku anamwangalia tu kama shemeji, na amekuwa mzito kama kamba iliyolowa, basi nikamfunika blanketi nene humo kwenye sanduku lake la kioo, nikaweka na jiko la mkaa pembeni, mlango nikafunga, bado wa baridi vilevile. Jirani yangu Anyitike, mdomo wake hauna pazia, kaeneza mtaa mzima kwamba chatu anakufa, tena mbele yangu akanambia, "Dada, mrudishe Igawa kabla hujamzika." Anti, kweli nimrudishe, na sifa zote hizi? Ndaga fijo, asante sana.

ANTI VENERANDA ANAJIBU

Marahaba, mama Ambokile. Pole, na nakugombeza hapohapo. Blanketi linakufaa wewe kwa sababu mwili wako unatengeneza joto. Nyoka hana joto lake, anachota la nje. Ukimfunika umemfungia baridi. Na hilo jiko litoe leo, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua nyoka na mfugaji.

Nunua taa ya joto ile ya kulelea vifaranga, funga juu upande mmoja tu, weka wavu asijiunguze. Chini yake pawe nyuzi thelathini na mbili hivi, upande wa pili ishirini na sita, atajisogeza mwenyewe. Usikisie kwa kiganja, weka kipimajoto kila upande. Kuku asubiri, nyoka akiwa wa baridi chakula kinamwozea tumboni. Asipochangamka, mwite daktari wa mifugo.

Halafu acha kumtoa kwa kila mgeni. Joto lote alilokusanya unalimaliza kwa picha. Wamwangalie kwenye kioo.

Ukiyaweza haya, abaki. Ukishindwa, mrudishe Igawa kwa wafugaji wengine wenye kibali, angali hai. Mwenye chatu mzima Igawa ana cha kujivunia kuliko mwenye ngozi yake Mbalizi.