Nozeli Kubwa na Mikate ya Paje

Malindi, Unguja

Mdogo wangu Khamis,

Assalaam alaykum. Salamu nazitanguliza mbele ya hasira, maana nikianza na hasira karatasi haitatosha. Kifua chako vipi? Na shemegi, miguu imepungua kuvimba? Mie mzima, kula nakula, kulala nalala, ila nimechukizwa, Khamis, nimechukizwa mpaka roho inanichafuka. Herufi zangu unazijua, zinakwenda upande, zisome hivyo hivyo. Kwa simu sikutaki. Wewe ukipokea unaweka spika na baraza zima la Wete linasikiliza.

Umeuliza kama utie nozeli kubwa kwenye gari yako, kwa vile mkwe wangu Jecha anakuja huko na spana zake na keshakwambia ukibadilisha za zamani ubadilishe kwa kubwa. Jibu langu: asiiguse. Na nikueleze kwa nini, maana wewe mwalimu wa chuo, ya vitabu unayajua, ya injini huyajui, na Unguja nzima hakuna mzee anayeijua gari kuliko mie.

Nozeli ni kale kadude kanakopulizia petroli ndani ya injini. Yangu zimo nne. Moja ikafa, gari ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Niliijua kabla sijafika Amani, sikungoja fundi. Nikampelekea Jecha, nkamwambia, "Nipatie moja kama hii." Akacheka.

"Baba, gari zee hii. Ukitia moja mpya, zile tatu zitaifuata iliyokufa. Tia nne, tena kubwa. Utawapita wote pale Tunguu."

Na mie unanijua, kupitwa sipendi tangu nina meno ya utotoni. Nkamwambia tia.

Siku za mwanzo iliruka kweli, sikatai. Halafu ikaanza uchafu wake. Petroli inaingia nyingi kuliko injini inavyoweza kuiunguza, basi inayobaki inatoka nyuma moshi mweusi tititi. Nyengine ikawa inavuja juu, kwenye mipira ya nozeli, maana Jecha aliirudisha ile ile ya zamani iliyokauka. Nikamlazimisha akabadilisha mipira, kuvuja kukaisha, moshi ukabaki. Viti vinanuka, kanzu inanuka, natia udhu na mikono inanuka. Na nyuma nimepakia nini? Mikate ya watu.

Mie ndiye mpeleka boflo za Bwana Seif kutoka tanuri lake hapa mjini mpaka Paje, tangu njia ile ina mashimo ya kulaza ng'ombe. Mkate wangu unafika na joto lake. Watu wanasimama na birika wananingoja. Sasa nafika kwa Bi Kazija, yule mkulima wa mwani mwenye duka, anamega kipande, anatia mdomoni, anatema. Anatema mbele yangu!

"Mzee Makame, huu mkate au utambi wa jiko?"

"Mkate mzuri huo, pua yako ina mafua," nkamwambia.

"Mafua ninayo, na bado nnausikia. Uchukue. Na usipite karibu na jiko langu, utatuunguza."

Vijana wanaofundisha wageni kuruka na matiara baharini wakaangua kicheko. Mmoja ananambia, "Babu, kiberiti tunacho, tuuchome uwe tosti?" Nikakata pande zima nikalila mbele yao, nikameza, nisionekane nimeshindwa. Lahaula! Mpaka leo nikicheua nasikia kituo cha mafuta.

Bwana Seif akanusa mikate iliyorudi, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole kama anasukuma panya aliyekufa. "Makame, nakuheshimu. Lakini ikirudi tena, safari naipa kigari cha kirikuu." Nkamwambia hairudi. Nikaifunga mikate juu ya paa la gari, nikaizungushia shuka. Mvua ikanikuta Jozani, nikafika Paje na uji.

Ikarudi.

Nikenda kwa Jecha. "Nipe nozeli zangu tatu nzima." Ananambia, "Baba, zile nshampa mnunuzi wa chuma chakavu." Vitu vizima, Khamis! Vikinyunyiza kama mrashi wa harusini! Tena ananambia nozeli hazina kosa, tuitafutie gari kompyuta nyengine ya kuipimia petroli. Yaani dawa imemzidi mgonjwa, basi tutafute mgonjwa mwengine. Nimezunguka Darajani mpaka Kwerekwe natafuta saizi yangu, kila duka wanasema gari hii ya zamani, vitu vyake haviji tena.

Sasa nakwambia la moyoni. Gari yangu na yako zilishuka meli moja. Nozeli zako ndizo hizo hizo ninazozitafuta. Ungezitoa ukatia kubwa, zako zingenifikia kwa boti na mkate wangu ningeurudisha mkononi. Jecha kaliona hilo kabla yangu. Kaja barazani, ananikonyeza: "Mwandikie ba' mdogo kubwa ni nzuri. Zake tuzichukue." Nikamfukuza, chai yake hajaimaliza. Moshi umenichukiza, petroli imenichukiza, lakini lile konyezo ndilo lililonitapisha. Gari hiyo ndiyo unayompelekea shemegi hospitali Chake. Apande na miguu yake ile, avute petroli njia nzima, ili mie niuze boflo?

Nozeli zako zikichoka siku yoyote, tafuta saizi ile ile, zote nne pamoja, na mipira mipya juu yake. Jecha akibisha, mwambie, "Kaka yangu kakataa."

Kirikuu kimeshaanza safari zangu za Paje. Dereva wake mtu mzima na ndevu zake, lakini duka la Bi Kazija halijui, jana kafikisha mkate jua liko utosini. Bwana Seif kaniomba nikae na dereva huyo nimwoneshe njia. Nikakataa. Kisha nikafikiri wale watu wamesimama na mabirika, chai inapoa. Kesho nakaa kiti cha abiria, na akikanyaga shimo nitamwambia.

Msalimie shemegi, mwambie miguu ainyanyue juu ya mto akilala. Msalimie mama mdogo Bi Mwanaisha aliyetulea, na binti yako mshonaji, kanzu yake imenikaa vizuri, niliivua kabla haijanuka. Wakiuliza gari, sema inapumzika. La kirikuu usiwaambie.

Nozeli zako ziache zilipo.

Ndimi kaka yako,
Makame