Uvimbe Uliojificha Chini ya Kidonda

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
12 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Phares,

Natumai joto la Doha halijakushinda, na kile kikohozi kimekuachilia. Sisi ni wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea tu.

Mama amepona. Nakuandikia kwa utaratibu, maana kwenye simu yetu ya mwisho tulikatizana maneno.

Unajua miaka miwili tulivyomnunulia dawa za vidonda vya tumbo. Kumbe alikuwa akipata choo cheusi na kunyamaza. Daktari Nabwire alipomuuliza, Mama alijibu kwa fahari, "Hiyo ni rangi ya osuga, Daktari. Mimi nakula mboga."

"Osuga haimalizi mtu damu, Mama," akasema, akitazama viganja vyake vilivyopauka.

Akamwingiza kamera kupitia mdomoni. Kidonda kilikuwepo kweli, lakini kilikaa juu ya uvimbe. Vipande vya nyama alivyovikata hapo kupima vikaonyesha kidonda tu. Mwingine angetuandikia dawa zilezile. Yeye alikuwa ameubonyeza akaona ni mgumu, umezama ndani ya ukuta wa tumbo, vipande vile visikofika. Akaagiza skani, ikamuunga mkono, akasema Mama afanyiwe upasuaji. Mjomba, natamani kuwa mtu wa namna hiyo, asiyeridhika na jibu rahisi.

Ndipo uliposema Mama asikatwe, kwamba kisu kikigusa uvimbe, ugonjwa husambaa. Nilimweleza daktari hofu yako nikidhani atacheka. Hakucheka. Alichora tumbo juu ya bahasha, akanionyesha watakapopita, kandokando.

"Mwambie mjomba wako tuko pamoja," akasema. "Uvimbe wenyewe hatuupasui. Tunautoa mzima."

Nilikupigia mara tatu, hukushika. Nikatia sahihi fomu ya kuruhusu upasuaji. Tangu Baba afariki neno la mwisho ni lako, na nilijua hivyo kalamu ikiwa mkononi.

Daktari aliutoa uvimbe, mkubwa kama limau, pamoja na kipande kidogo tu cha tumbo. Tulingoja majibu siku kumi na sita; sikumbuki nilikula nini. Si saratani. Ni uvimbe wa nadra unaoota kwenye neva za tumbo, na ukitolewa wote, kwa kawaida haurudi.

Mama alimshika daktari mkono. "Wewe mtoto wa watu, mama yako anajua ana mtu?"

Sijutii sahihi ile. Najutia kwamba uliisikia kwa jirani yetu Aloo kabla ya kuisikia kwangu. Tangu hapo hujapiga simu, na Mama anadhani umemkasirikia yeye. Nigombeze mimi, Mjomba, lakini yeye mpigie.

Msalimie Anti Perez na Odera. Mungu awalinde mnakolala na mnakofanya kazi.

Mpwa wako akupendaye,
Elsie