Nilijipaka Masizi, Bibi Akaondoka

Mpendwa Mama Laurensia, nisaidie jamani, aibu imenijaa hata kula sitamani, mimi ni mwalimu hapa Kibuta na ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, sasa nilipata kitabu cha michezo ya kuigiza ya Wamarekani wa zamani, enzi wakiwa na watumwa, nikatafsiri mmoja, nikajipa mwenyewe nafasi ya mtumwa kwa sababu ndiye anayechekesha, anatoa macho, anakatika, anaogopa mizimu, mwishoni bwana wake anampa uhuru naye anapiga magoti analia asifukuzwe, na kitabu kimeagiza mtumwa ajipake masizi usoni, basi nami, mweusi nilivyo, nikakwangua sufuria nikajipaka. Watu walicheka mpaka machozi, kumbe Bibi Mboni, bibi yake mke wangu, amekaa mbele kabisa, na mama mzazi wa Bibi huyo aliuzwa utumwani pwani akiwa msichana, jambo hilo nalijua, sina cha kusingizia, Bibi akainuka akaondoka zake. Siku zote ananiita "mume wangu" na mke wangu Mwanajuma anamwita mke mwenzie, tunacheka, lakini kesho yake nilipomwamkia shikamoo akajibu, "Marahaba, mwalimu," akaingia ndani. Sasa mwenyekiti wa kijiji anataka tuurudie Saba Saba mbele ya wilaya nzima, je, nikiacha masizi tu, si utafaa?

Mashaka, Kisarawe

Mama Laurensia anajibu:

Mwalimu Mashaka, pole, lakini hapo mwisho umenikera. Bado unayataka makofi! Hebu niambie, Mungu kakuumba mweusi, masizi ya nini? Agizo lile aliandikiwa mwigizaji Mzungu, ajipake awachekeshe Wazungu wenzake, warudi makwao wakiamini mtumwa anapenda kutumikishwa. Wewe ukawaletea watu wa Kibuta kicheko hicho hicho, na Bibi wa watu amekaa mbele anaona mama yake anachekwa. Ukinawa uso, yule anayelia asipewe uhuru si bado yupo?

Mchezo huo uachwe. Nenda kwa mwenyekiti leo hii umweleze, na Bibi usimtaje. Kisha nenda kwake, kaa chini, sema, "Nimekukosea," unyamaze. Usimbembeleze akutanie, na ole wako umwombe habari za mama yake ukaziigize.

Saba Saba panda jukwaani peke yako, uwaambie watu mchezo ule waliutunga kina nani na walikuwa wakimcheka nani. Watakuwa wamekuja kufurahi, watakuzomea. Simama hapo hapo mpaka wamalize.