Gazeti la Shemeji

Jumapili usiku, Märsta

Eti mtu anajulikana kwa gazeti analosoma! Shemeji Anselmi ametazama vichekesho vya zamani vya Waingereza vinavyowakejeli wanasiasa na wasomaji wa magazeti, basi leo kwake Upplands Väsby akatugawa sote mezani. Huyu anasoma gazeti la mabwanyenye, yule la wajamaa, yule la walalamishi.

Akanifikia mimi. "Wewe shemeji ni wa lile la bure wanalotupa mlangoni. Gazeti la watu wanaochagua mbunge kwa kuangalia picha."

Limbukeni mkubwa! Gazeti lake la bei mbaya lilikuwa palepale mezani, bado limo kwenye nailoni, juu yake bakuli la ndizi. Analinunua ili wageni walione.

Yeye nimeshamzoea. Lakini Rehema alicheka. Mke wangu, tena kwa sauti kuliko wote. Sijui alikuwa anamfurahisha kaka yake tu, au ndivyo anavyoniona siku zote na mimi...

Kwenye treni ya kurudi akaninyooshea mkono kama kawaida yake. "Baba Neema, nipe hilo gazeti lako la bure nisome."

Nikalikalia mpaka Märsta.