Mwanangu Kaliwekea Alama Baraza la Baba Yake

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, mvua inanyemelea lakini hainyeshi.

Mnaonisoma mnanijua. Mwanamke wa darasa la saba, naandika kwa simu niliyonunuliwa na mwanangu Zuhura, na sioni haya kumtaja. Zuhura ni mpima ardhi. Anakaa Kibaha, nyumba ya geti, kiyoyozi mpaka chumbani. Wanaume na ndevu zao wanasimama wanamsubiri yeye aseme mstari upite wapi. Wangapi hapa Kisarawe wamezaa mtoto wa namna hiyo? Hesabuni, nawasubiri.

Alinichukua nikaishi naye huko Kibaha. Pazuri, sikatai. Lakini siku ya tatu nilikuwa namsalimia mlinzi wa jirani kwenye tundu la geti, nipate tu kusikia sauti ya mtu. Wiki mbili nikarudi kwangu, mtaa wa zamani nyuma ya soko, nyumba zimebanana na kila moja ina baraza mbele. Hapa ukipiga chafya, nyumba nne zinakuombea rehema.

Baraza langu alilijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Saruji ilipokuwa bado mbichi, akachukua kikombe cha kahawa akakididimiza humo mara thelathini na mbili, yakawa mashimo ya bao. Zuhura alijifunzia hesabu hapo, kakaa katikati ya magoti ya baba yake anagawa kete. Walimu wake walikuja kusifiwa baadaye. Mimi najua shule yake ya kwanza ilikuwa wapi.

Sasa unakuja mtaro. Kila masika maji yanashuka mlimani yanaingia majumbani, na mtaro hauna pengine pa kupita isipokuwa palipo na mabaraza ya upande wetu. Majirani waliposikia wakanijia na nyuso za msiba. Nami nikawajibu, mdomo umejaa, "Anayepima si Zuhura? Kaeni kwa raha. Hakuna baraza litakaloguswa."

Sikuwa nimemuuliza mtoto hata neno moja.

Leo asubuhi kaja, na wenzake wawili na kopo la rangi nyekundu. Mtaa mzima uko barazani unatazama. Mimi nimevaa kitenge changu cha njano, nimepika wali wa nazi na samaki, najiona mama wa bibi harusi. Nilijua ataanzia chini kwa Bi Mwajuma, mtaa unakoanzia, akifika kwangu apite kama hajaona.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Akachuchumaa, akachora alama ya X kwenye baraza la baba yake. Akainuka, akanitazama.

"Shikamoo mama."

Sikuitika.

Tangu nimzae, sijawahi kumnyima mwanangu marahaba. Leo nimemnyima mbele za watu.

Bi Mwajuma, huyo naye ulimi wake hauna likizo, akapaza sauti kutoka kwake, "Mama Zuhura! Ndiyo kaeni kwa raha yenyewe hii?" Mtaa ukaangua kicheko. Niliingia ndani nikafunga mlango. Zuhura kaenda nyumba hadi nyumba, kamaliza kazi yake, karudi kusimama dirishani kwangu.

"Mama, ningeanzia kwa wenzako mngesema nini? Na ningeliruka hili, mtaa huu ningeupita tena kwa uso gani? Maji yanamkuta Bi Mwajuma kitandani, mama, na unajua."

Mlango sikuufungua. Akaondoka na njaa yake. Wali nimeuacha umepoa kwenye sufuria, hata mimi sikuula.

Mchana nikatoka kuitazama ile alama, nipate kuilaani vizuri. Ndipo nikaona. Kaichora pembeni, kwenye ukingo wa mbele, na hakuna tone moja la rangi lililoingia kwenye shimo la bao.

Hapo nikalia.

Tumepewa wiki moja, kila mtu abomoe lake mwenyewe, la sivyo mashine itabomoa. Na majirani walishakubaliana kwamba hakuna atakayegusa lake mpaka Mama Zuhura aguse, kwa sababu ya lile neno langu. Kwa hiyo kazi ikikwama, anayeaibika ni mwanangu. Nikajitanda khanga nikapita mlango kwa mlango kusema kwamba nilisema uongo, mtoto hakuniahidi kitu. Kwa Bi Mwajuma niliupita mlango kwanza, kisha nikarudi kupiga hodi. Kaniangalia, kasema, "Mwenzangu, tulijua. Lakini ulivyokuwa unasema kwa raha, nani angekukatiza?"

Nikaishia kwa Mzee Kulwa kuazima sururu. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu na hana huruma. "Mzaramo bila baraza, uvivu sasa utauweka wapi?" Kisha akaitoa sururu nyuma ya mlango, akaishika, haniachii. "Utaipata, mtani. Ila pigo la kwanza lako, la pili langu. Marehemu kanifunga kwenye bao hilo miaka kumi, hata sikukuu hakuniachia. Nina kisasi." Anacheka, na macho yamelowa. Nikajifanya sijaona.

Magharibi imeingia. Kete ziko kwenye kopo la maziwa, sitini na nne, nimezihakikisha. Nimempigia Zuhura. Kapokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hii nyingine ni ya asubuhi: marahaba."

Akauliza kama samaki amebaki.

Kesho nikishasali alfajiri naanza mimi, kabla mtaa haujaamka kunihurumia. Atakayepita nyuma ya soko akaona mwanamke wa kitenge cha njano anabomoa baraza lake mwenyewe, asimwonee huruma. Amuulize mtoto wake ni nani.